Risala ya kikundi cha akina mama kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, Kilolo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kamwene! Mwenyekiti wa kijiji, mganga wetu wa zahanati, viongozi wa dini na wote, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru sana kwa kuacha shughuli zako ukapanda milima hii na matope haya. Kikundi kilianza na akina mama wachache tuliokuwa tunakutana siku ya kuchukua dawa za VVU, leo tuna bustani za mboga, kuku, tunakopeshana, na kata nzima hakuna kikundi kinachotufikia. Historia ni ndefu, hatutaki kukuchosha.

Mheshimiwa, Iringa yetu chakula kipo, mahindi, viazi, maharage, lakini utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha watoto karibu 57 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati nchi nzima ni 30. VVU nako kwa watu wazima tumevuka asilimia 11. Wanetu wako katikati ya hayo mawili. Sisi dawa tunameza, wao walipewa nevirapini, dawa ya kuwakinga na VVU, tangu kuzaliwa, miezi 6 maziwa ya mama tu hata maji hapana, septrini ya kuzuia magonjwa nyemelezi wanapata, vipimo wanapimwa. Sasa watu wanadhani mtoto akionekana hana virusi basi kazi imeisha, hapana jamani, hawa hata wasipoambukizwa ukuaji wao mara nyingi unakuwa nyuma ya wenzao, lazima wafuatiliwe.

Na hatuna ubao wa kupimia urefu. Udumavu unaonekana kwenye urefu kwa umri sio kwenye kilo, mtoto anakula ugali na viazi, mashavu yamejaa, kadi ya kliniki kwa uzito inasoma kijani, kumbe ni mfupi kwa umri wake na siku 1000 za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka 2, ndio hizo zinaisha. Utepe wa kupimia unene wa mkono tunao ila unakuambia amekonda, haukuambii amedumaa. Hata mizani ya kuning'iniza mshale haurudi kwenye sifuri, mtoto hajawekwa tayari inasoma nusu kilo, mhudumu anaitoa hiyo nusu kichwani ndio anaandika.

Kwa heshima zote Mheshimiwa, ombi hili si jipya. Aliyekaa hapo ulipokaa alituahidi ubao na mizani kabla ya mavuno, tukapiga vigelegele, mavuno yakapita, tukaandika barua tukaambiwa iko kwenye mchakato, akaja mwingine akasema anafuatilia, mpaka leo. Hatumlaumu mtu, ila watoto waliokuwa mgongoni siku ile sasa wanakimbia na urefu wao hajaupima yeyote.

Tunaomba ubao mmoja na mizani moja, vikae zahanati, na tutajiwe leo hapa hapa nani analeta na tarehe gani. Kama haiwezekani tuambie tu, tutachangishana mbao na fundi seremala tunaye, wewe tuletee afisa lishe aje asimamie vipimo viwe sahihi, maana wa chini ya miaka 2 wanapimwa wamelala na sentimita moja ikikosewa mtoto anaandikwa hali isiyo yake.

Naomba kuwasilisha.