Wasifu wa marehemu: waulizeni na wajukuu

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie wasifu unaosomwa misibani kwetu, kuanzia Igoma na Nyakato hadi Sengerema na Ukerewe. Anazikwa mzee aliyelea familia kwa upendo, mtu wa sala, aliyemchekesha hata mgonjwa kitandani, halafu kinachosomwa ni shule alizosoma, vyeo alivyoshika na hospitali alizolazwa. Mzee mwenyewe hamo.

Tatizo huanzia kwa anayeulizwa. Daftari hupewa mtoto mkubwa wa kiume, naye alimjua baba wa ada na viboko. Ucheshi wa mzee wa Kisukuma uko kwa wale anaotaniana nao: mashemeji zake, na wajukuu waliomwita guku na kugombania naye bibi yao. Waulizwe hao kwanza. Waende watu wawili, mmoja aulize na mwingine aandike, na asiandike "alikuwa mcheshi". Aandike maneno yenyewe kama yalivyotoka, kwa Kisukuma kama aliyasema kwa Kisukuma, na alikuwa akimwambia nani.

Imani nayo ni hivyo hivyo. Kiongozi wa jumuiya au mzee wa kanisa anajua marehemu alikaa benchi gani, wimbo gani aliuanzisha bila kuombwa, na nani alipelekewa unga usiku wakati wa shida. Tukio moja la namna hiyo lina uzito kuliko kusoma kamati nne alizokuwa mjumbe.

Utani wa kusoma uwe mmoja, ukizidi sana miwili. Uwe mfupi, usiohitaji kufafanuliwa, na mjane ausikie kabla ya watu wengine. Usiguse ugonjwa, madeni, siasa wala wakwe. Watani wa kabila hawapangiwi ratiba: wataiga mwendo wa marehemu, pengine waingie kaburini wakidai walipwe ndipo watoke. Watengewe sarafu mapema, na mshereheshaji asiwafukuze. Wanafanya kazi yao.

Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na hapo ndipo tarehe za kubuni huingia. Anzeni na kitabu cha ubatizo parokiani. Kikikosekana, pimeni kwa matukio: Uhuru wa 1961 ulimkuta darasani au bado anachunga? Alioa kabla ya Vita vya Kagera vya 1978? Kitinda mimba alizaliwa kabla MV Bukoba haijazama, Mei 1996? Mkipata mwaka bila siku, andikeni mwaka peke yake. Majina ya marehemu yaandikwe yote, la ubatizo na la ukoo, kwa herufi zile zile za kitambulisho chake. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, na jina likitofautiana kwenye karatasi, mirathi husimama mpaka viapo viapwe.

Kinachovuruga misiba zaidi ni orodha ya watoto. Anasahaulika aliyetangulia mbele ya haki, au anarukwa wa mama mwingine, na kelele zinaanzia pale pale kwenye turubai. Orodha isomwe kwa sauti mbele ya kikao cha ukoo jioni ya kuamkia mazishi, watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, na wajukuu wahesabiwe mmoja mmoja, si kwa kukisia.

Maneno 500 yanatosha. Msomaji asiye na haraka huyamaliza kwa dakika tano au sita. Ukifika ukurasa wa nne, watu wameanza kutazama jua. Chapeni kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na namba na zimebanwa, kwa sababu mchana upepo wa ziwa hupeperusha kila kitu. Nakala zitolewe mjini kabla ya kupanda gari au meli, moja ya msomaji, moja ya mshereheshaji, moja ya padri au mchungaji. Msomaji awe mtu anayeweza kuvumilia. Mtoto wa marehemu akipewa, mwingine asimame kando yake na nakala, apokee pale sauti inapokatika.

Kwa Wakatoliki, ulizeni parokiani mapema nafasi ya wasifu ni ipi. Mahubiri ya misa ya mazishi si mahali pa kumsifu marehemu; maneno ya familia huja baada ya komunyo, kabla ya buriani, au husomwa nyumbani kabla ya kwenda kanisani. Kwa Waislamu mazishi hayasubiri, na maneno haya yanaweza kungoja siku ya khitma.

Nakala ya nne ihifadhiwe na familia, pamoja na lile daftari la maswali. Ndani yake mna utani wote ambao haukusomwa.

Wasomaji wenu,
Nyakato, Mwanza