Risala ya Kikundi cha Watunzi na Waimbaji kwa Mgeni Rasmi katika Uzinduzi wa Albamu ya Kwanza ya Mwanachama Wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kikundi, wazazi na ndugu wa msanii wetu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanakikundi wote tunakukaribisha kwa furaha kubwa. Tunakushukuru kwa kukubali kuizindua albamu hii, ambayo ni ya kwanza kwa dada yetu na ya kwanza pia kutoka ndani ya kikundi chetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, albamu hii ina sauti moja na gita moja la mbao, basi. Watu wenye nia njema walimshauri dada yetu aongeze ngoma na kinanda, akakataa, nasi tunasimama naye. Mashairi yake ni ya mapenzi na safari: mtu anafunga mizigo huku anatamani aambiwe abaki, barua inafika mwenyewe akiwa keshahama, wapendanao wanazungumza kwa simu usiku wa manane, na kwa mmoja wao tayari kumekucha. Maneno ya namna hii yakifunikwa na vishindo hayamfikii msikilizaji.

Alirekodi akiimba na kupiga gita kwa wakati mmoja. Mafundi wa studio wanajua ugumu wake. Maikrofoni ya sauti hunasa gita, na ya gita hunasa sauti, kwa hiyo neno likikosewa haliwezi kuchomolewa peke yake likabandikwa jingine; wimbo unarudiwa tangu mwanzo. Ndiyo maana utasikia pumzi yake kabla ya beti, na mkwaruzo wa vidole vinapohama kwenye nyuzi. Sisi wenyewe tuliomba visifutwe. Katika wimbo wa kurudi nyumbani, ambao wengi wetu tunaupenda kuliko zote, uzi mnene kabisa umelegezwa kutoka nota ya E hadi D, na gita zima likapata uzito ambao hata besi isingeuongeza.

Njia hii ina wenyewe. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mpiga gita Mwenda Jean Bosco huko Jadotville (sasa Likasi), Kongo. Bosco alipiga gita kwa kidole gumba na cha shahada, na asiyejua hudhani wapigaji ni wawili. Mwaka 1988 mwimbaji wa Marekani Tracy Chapman, albamu yake ya kwanza ikiwa na miezi michache tu sokoni, alirudishwa jukwaani katika uwanja wa Wembley, London, kwa kuwa mwanamuziki Stevie Wonder hakuweza kuanza, kifaa chake cha muziki kikiwa hakionekani. Gita lake lilitosha kwa uwanja ule wote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shida yetu kubwa ni jukwaa. Katika matamasha, mpiga gita wa peke yake hupewa dakika zile mafundi wanapofunga vyombo vya bendi, watu wakizungumza na nyaya zikiburutwa. Nani atasikia shairi hapo? Tunakuomba utusaidie kupata ukumbi mtulivu, walau jioni moja kila mwezi.

Ombi letu la pili ni mwanasheria wa kutusomea mikataba. Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unamlinda mtunzi bila sharti la kusajili kazi, kwa maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kufa. Lakini haki ya utunzi na haki ya rekodi ni vitu viwili, na msanii kijana anaweza kuviuza vyote kwa saini moja akidhani ameuza rekodi tu. Dada yetu bado anavimiliki vyote viwili. Tungependa wadogo zake wanaojifunza gita hapa nao wafike hapo.

Baada ya risala hii atatupigia nyimbo mbili, kisha tutakuomba uizindue albamu rasmi. Nakala zipo mezani kwa katibu.

Tunaomba kuwasilisha.