Rudisheni msamaha wa kodi ya bonasi kwa wenye mishahara midogo

Kwako Mhariri,

Mimi ni karani wa mishahara katika hoteli moja ya ufuoni hapa Mombasa, na kila Desemba ikiisha hodi hazikatiki mlangoni pangu. Juzi alikuja dada wa usafi wa vyumba. Aliiweka hati yake ya malipo mezani, akakaza ukucha penye neno PAYE, kodi inayokatwa moja kwa moja kwenye mshahara. "Kaka, miezi yote hapa pana sufuri. Hii 5,583 imetoka wapi?" Hakuja kugomba. Pesa ile alishaipangia sare na vitabu vya Januari.

Wengi hudhani tajiri ndiye aliyekula. Wengine huamini bonasi ina kodi yake, kali kuliko ya mshahara. Haina. Bonasi hujumlishwa na mshahara wa mwezi huo huo, kisha jumla ikapitishwa kwenye viwango vya kawaida: 24,000 za kwanza asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zinazopita hapo, hadi nusu milioni, asilimia 30. Mwisho inatolewa nafuu ya 2,400 ya kila mwezi.

Dada huyu, baada ya makato ya NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) na ada ya serikali ya nyumba za bei nafuu, hubaki na 22,000 za kutozwa kodi. Asilimia 10 yake ni 2,200, na nafuu inaimeza yote. Desemba bonasi ikaongeza 22,000 nyingine, na kwa mwezi ule mmoja akahesabiwa kama mtu wa 44,000. Lakini hebu jumlisha mwaka mzima. Mishahara 12 na bonasi moja ni 286,000, ambazo hazifikii hata 24,000 mara 12. Asilimia 10 yake ni 28,600, na nafuu ya mwaka ni 28,800. Hadaiwi hata senti moja, na bado amekatwa.

Njia ya kurudishiwa ipo: ajaze ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, kwenye iTax, tovuti ya kodi, kabla ya Juni 30 kupita, kwa kufuata fomu yake ya P9 anayopewa na mwajiri ikionyesha mapato na kodi ya mwaka, kisha aombe kilichozidi. Ila twajua mambo yanavyokwenda. Watu hujazana saiba siku mbili za mwisho, kijana wa kompyuta ana foleni hadi barabarani, anamjazia mtu ritani tupu kana kwamba hakufanya kazi mwaka mzima. Na dai lake halionekani popote. Wenzangu wa hotelini, nawasihi, shikeni P9 zenu na msikubali kujaziwa hivyo. Hiyo ni pesa yenu.

Wanaoumia zaidi ni wafanyakazi wa msimu. Kusi ikivuma wageni hupungua, nao huambiwa wakae nyumbani bila mshahara. Kaskazi ikirudi ndipo wanapokimbizana na ovataimu na bonasi, na PAYE inawadaka hapo hapo bila kuuliza Mei walikula nini.

Sheria iliwahi kuliona jambo hili. Kuanzia Julai 2016, mfanyakazi ambaye mshahara wake haukupita kiwango cha chini cha kodi hakutozwa chochote kwenye bonasi wala ovataimu. Msamaha huo ukafutwa Aprili 2020, kwa sheria ile ile iliyopandisha nafuu hadi 2,400. Kilichobaki leo ni kapu la zawadi: tangu mwisho wa Desemba 2024, manufaa yasiyo pesa taslimu yasiyozidi 5,000 kwa mwezi hayatozwi kodi. Mchele na mafuta ya kupikia ni msaada, sikatai, lakini sare ya shule hainunuliwi kwa mchele.

Naomba wabunge wetu wa Pwani waurudishe msamaha ule wa 2016, kwa wenye mishahara midogo tu. Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kufikia mwisho wa Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni. Yangu nimeshaanza kuyaandika, na hesabu ya dada yule nimeiweka ukurasa wa kwanza.

Karani wa mishahara,
Bamburi, Mombasa