Barua ya wazi kwa mawakili vijana wa Houston: makofi hayahesabiwi

Wanangu mliomaliza sheria, mliotoka Uvira, Mombasa na Dar es Salaam, nanyi mliozaliwa hapahapa Texas,

Naandika kwa uchungu. Msimu wa uchaguzi ukifika, mwenzenu anatangaza nia, ukumbi unakodiwa, pilau linapikwa, na hotuba ya Barbara Jordan, mwanasiasa Mweusi wa Texas, aliyoitoa tarehe 25 Julai 1974 Bunge la Marekani lilipojadili kumshtaki Rais Nixon, inawekwa kwenye skrini. Watu wanasimama, wanashangilia. Kura zikihesabiwa, hazifiki idadi ya sahani. Wengi walioshangilia hawakuwa kwenye daftari la wapiga kura!

Mnaipenda sauti yake. Kazi iliyoitangulia hamuijui.

Jordan alizaliwa Houston mwaka 1936, akasomea sheria Boston, akapata leseni ya uwakili 1959. Ofisi yake ya kwanza ilikuwa meza ya chakula nyumbani kwa wazazi wake. Mwaka 1960, katika kampeni ya Kennedy, alisaidia kupanga mitaa ya Weusi wa Houston, kila mtaa na msimamizi wake anayejua nani analala nyumba ipi. Wazee wenu wa Tanzania wanamjua mtu huyo: balozi wa nyumba kumi.

Mwaka 1962 aligombea Baraza la Wawakilishi la jimbo la Texas, akashindwa. Mwaka 1964 akarudia, akashindwa tena. Ufasaha alikuwa nao tangu siku ya kwanza. Kilichomwangusha ni hesabu: mgombea alipigiwa kura na Kaunti nzima ya Harris, yenye Houston ndani yake, na Wazungu wengi hawakumchagua. Juu ya hapo, kupiga kura kulilipiwa kodi, na maskini alikuwa achague kati ya kodi hiyo na unga. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru maeneo ya uchaguzi yalingane kwa idadi ya watu; mwaka 1966 kodi ile ikafutwa katika chaguzi za jimbo. Mwaka huohuo Jordan akaingia Seneti ya Texas, Mweusi wa kwanza tangu 1883. Mlango ulipofunguka, watu wake walikuwa wameshaandikishwa.

Basi nendeni ofisi ya kaunti, mpate hati ya naibu mwandikishaji wa kujitolea, ile inayowaruhusu kuandikisha wapiga kura. Hati hiyo inakwisha tarehe 31 Desemba ya kila mwaka wa shufwa, na wengi wenu mnatembea na iliyokufa. Fomu mkishaipokea, ifikisheni ndani ya siku 5. Kuisahau kwenye buti la gari ni kosa la jinai. Fomu isiyowasilishwa angalau siku 30 kabla ya uchaguzi haisaidii uchaguzi huo. Watu wetu huhama nyumba kila mkataba wa pango unapokwisha. Rudini kila mlango mkaulize anwani.

Na hili nalisema nikiwasihi: asiye raia msimwandikishe, hata akililia fomu. Mama mkimbizi mwenye kadi ya kijani, yaani hati ya ukaazi wa kudumu, anatia saini kwa kuwaamini ninyi, kisha anapoomba uraia saini ile inamrudia, na anaweza hata kufukuzwa nchini. Mmesoma sheria, mwulizeni kwanza, kwa Kiswahili au Kinyamulenge, lugha atakayoielewa.

Sisi wazee nasi tuna lawama. Tunagombania viti vya mbele, tunachangia ukumbi, hatuchangii mafuta ya gari la kijana anayebisha hodi. Na vyama vinatukumbuka Oktoba tu, uchaguzi ukikaribia.

Mengine kwa ufupi. Seneti ya Texas inataka umri wa miaka 26, Baraza la Wawakilishi la Texas 21. Mshahara ni dola 600 kwa mwezi, hivyo leseni ya uwakili msiitupe. Kikao cha kawaida hakizidi siku 140, miaka ya witiri. Someni kanuni za bunge kabla ya kuandika hotuba: enzi za Jordan, maseneta 11 kati ya 31 waliweza kuzuia muswada usijadiliwe, naye aliwatafuta mmoja mmoja mpaka ule wa kubana uandikishaji wa wapiga kura ukakwama.

Jumamosi hii chagueni jengo moja la kupanga. Chukueni daftari, andikeni namba ya kila mlango, raia wangapi, walioandikishwa wangapi. Mkimaliza jengo hilo, niitieni. Pilau nitapika mimi.