Barua kwa Wazazi na Walezi: Klabu na Kamati za Wanafunzi, Mwisho wa Muhula wa Kwanza

Ndugu mzazi/mlezi,

Salaam, na poleni na kazi za mavuno. Mwanao anarudi nyumbani leo na ripoti yake ya masomo pamoja na barua hii. Mwenye swali juu ya alama amwone mwalimu wa darasa siku ya kufungua shule. Mimi barua ya muhula huu nimeona niitumie kujibu jambo lililoulizwa kwa uchungu kwenye mkutano wetu wa Machi: kwa nini watoto wanabaki shuleni kila Jumatano na Ijumaa hadi saa kumi na moja jioni kwa ajili ya klabu na kamati, wakati matokeo ya Kidato cha Pili hayajaturidhisha? Siku ile jua lilikuwa linazama na wengi mnatoka mbali, nikajibu kwa maneno mawili. Swali lilistahili zaidi ya hapo.

Nianze na kamati ya chakula, maana chakula hicho ni jasho lenu. Ina wanafunzi 8, wawili kila kidato. Kwa miaka mingi kazi yao ilikuwa kupanga foleni na kusimamia uoshaji wa vyombo. Februari katibu wao, msichana wa Kidato cha Tatu, alikuja ofisini na daftari kubwa kifuani, akaomba kuona leja ya stoo. Nilimkatalia. Nilimwambia leja si mambo ya wanafunzi. Nilikosea, na nimeshamwambia hivyo mbele ya wenzake. Mwalimu wa stoo ndiye aliyenirudi: "Mkuu, waache waone. Hatuna cha kuficha."

Mnakumbuka kwamba kwa miaka miwili mahindi yetu yamekuwa yakiisha wiki mbili kabla ya kufunga shule, na maneno yaliyosemwa juu ya wapishi mnayajua. Watoto waliazima mizani, wakapima madebe 20 mliyoleta, moja baada ya jingine. Debe la huyu si debe la yule. Mwingine amelijaza hadi likatengeneza kichuguu, mwingine limeishia chini ya mdomo, na yapo yaliyobonyea kitako. Walipata kati ya kilo 14 na 18, mengi yakiwa karibu na 16. Jikoni kila debe lilikuwa linahesabiwa kilo 18. Upungufu wa wiki mbili ulikuwa hapo, kwenye vipimo. Nilipomsomea mpishi wetu mkubwa ukurasa ule, alikaa kwenye gogo la kuni akafuta macho kwa kanga, hakusema kitu. Kama na wewe ulisema neno juu yake, nakuomba umfikie.

Kamati hiyohiyo iliona kwamba Ijumaa ugali mwingi unamwagwa. Sababu ni kwamba wanafunzi Waislamu wako msikitini saa ya chakula, wakirudi wanakuta ugali umepoa na mboga imebaki mchuzi. Sasa Ijumaa tunasonga mara mbili. Sufuria ya pili inasongwa watoto wakiwa njiani kurudi. Mimi nimekula katika bwalo lile kwa miaka, na jambo hilo sikuliona.

Mwalimu wa Hisabati alilichukua lile daftari akafundishia takwimu Kidato cha Tatu. Wastani walioutafuta ulikuwa wa mahindi yao wenyewe, na sijaona darasa lile limetulia namna ile.

La pili ni klabu ya Msalaba Mwekundu. Chama cha Msalaba Mwekundu kipo nchini kisheria tangu 1962, na vijana wetu huiadhimisha 8 Mei, siku aliyozaliwa Henry Dunant, mwanzilishi wa harakati hizo, mwaka 1828. Mwaka huu siku hiyo hawakufanya maandamano. Walipita darasa kwa darasa wakifundisha huduma ya kwanza. Wiki iliyofuata, kwenye mazoezi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mtoto wa Kidato cha Kwanza alitokwa damu puani juani. Mtu mzima mmoja alikimbia na ndoo ya maji akisema ainue kichwa juu. Ndivyo tulivyofundishwa wengi wetu, na si sahihi, kwa sababu damu inarudi kooni na kumtapisha mtoto. Msichana wa Kidato cha Pili alimkalisha kivulini, akamwinamisha mbele kidogo, akambana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia, akimwambia apumue kwa mdomo. Damu ikakata. Naomba mfanye hivyohivyo nyumbani. Isipokata baada ya hapo, mpelekeni zahanati.

Malihai nao, klabu za uhifadhi wa mazingira zilizoanza nchini mwaka 1980, wamepanda miarobaini na mikorosho 120. Hawakungoja 1 Aprili, Siku ya Upandaji Miti kitaifa, kwa sababu hapa Dodoma tarehe hiyo mvua inakaribia kukata. Walipanda Januari. Miche iliyo hai leo ni 83. Mingi iliyokufa imeliwa na mbuzi, kwa hiyo tunawaomba majirani wa shule mfunge mbuzi hasa likizo hii.

Wazazi wa rika langu mnaikumbuka Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere Machi 1967. Katika shule nyingi tuliipokea kama jembe, na jembe likaja kuwa adhabu ya wachelewaji. Tulisahau kwamba Mwalimu alitaka pia wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao na kazi zao. Leja ile ya stoo ndiyo iliyonirudisha kwenye sehemu hiyo.

Sasa niseme mlipokuwa na haki. Klabu zilikuwa nyingi mno. Tulikuwa nazo 11, na baadhi zilikuwa jina ubaoni na watoto waliokaa chini ya mti wakingoja kengele. Nne tumezifunga. Wanafunzi wa Kidato cha Nne watakabidhi nafasi zao zote wiki ya kwanza ya Julai ili wajiandae na mtihani wa Novemba. Siku ya Jumatano jioni tumeirudisha kwenye masomo ya ziada kwa Kidato cha Pili, hivyo wao watabaki na klabu siku ya Ijumaa tu.

Ninalo ombi kuhusu mabinti. Kwenye orodha za klabu wasichana ni wengi kuliko wavulana, lakini jioni ukihesabu vichwa, wamebaki wachache. Tumewauliza. Wanawahi ndoo kisimani, wanawahi kupika, na wale waliopanga mageto wanawahi giza. Kwa wa mageto, tumekubaliana na walimu kwamba Ijumaa watatoka saa kumi na kusindikizwa kwa makundi. Kwa wa nyumbani, ninachoomba ni siku moja tu kwa wiki, Ijumaa. Ndoo siku hiyo inaweza kubebwa na kaka yake.

Kuhusu fedha: hakuna mwanafunzi aliyetumwa kuchangisha. Skafu na sare za skauti ni hiari ya mzazi. Aliyetoa pesa mkononi mwa mtoto bila stakabadhi afike ofisini tufuatilie.

Siku ya kufungua shule mahindi yatapokelewa kwa mizani, kilo 54 kwa kila mwanafunzi, badala ya madebe matatu. Kamati ya chakula itaandika, na tunaomba wazazi wawili mtakaowachagua wenyewe wasimame pale kuanzia saa mbili asubuhi. Mifuko iandikwe jina la mwanafunzi na kidato chake.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule