Kwa nini bei yetu ya Kakamega haiwezi kuwa ya bodaboda

Mulembe wapendwa wateja. Kila msimu wa likizo kuna lalamiko linarudi na wiki hii limerudi tena, mteja ametuandikia kwamba tumemkula pesa kwa sababu ameambiwa boda atampeleka mgodi wa dhahabu wa Rosterman na msituni kwa nusu ya bei yetu ya kutembeza wageni. Atampeleka, hatubishi. Shida huanza mkishafika.

Tuanze na migodi. Dhahabu ilipatikana hapa 1931 na wazungu wakamiminika, na ile sheria ya 1930 iliyoahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikichukuliwa watapewa ingine ikarekebishwa 1932 ili waweze kulipwa pesa tu wahame. Hio historia watu hapa hawajaisahau. Rosterman ilifungwa 1952, lakini wenyeji bado wanachimba kwa mikono, so ukienda kuangalia unaingia shamba la mtu na kazi ya mtu. Ukitokea tu na simu mkononi unapiga picha, utafukuzwa ama utaitishwa pesa na kila mtu anayepita. Kwa bei yetu mwenye shamba amepigiwa simu mapema na amelipwa, na kuna mzee mchimbaji wa kukuonyesha vile mawe yanasagwa, yanaoshwa, halafu dhahabu inashikwa na zebaki. Zebaki ikichomwa ule moshi ni sumu kabisa, kuna mama alikasirika sana tukimtoa mtoto wake pale akisema amelipia aone kila kitu. Mama, hata kumtoa mtoto ni kazi uliyotulipa.

Halafu kuna wale wa kutaka kushuka shimo. Kijana mmoja aliitisha pesa zake zote kwa sababu tulikataa ashuke apige picha, na usiku kulikuwa kumenyesha, udongo umelegea, hata wachimbaji wenyewe hawakuwa wameshuka siku hio. Hatukumrudishia na hatutabadilisha. Ukitaka kuingia chini ya ardhi tutakupeleka kilima cha Lirhanda, kuna handaki ya zamani ya dhahabu unaingia kwa miguu na tochi, siku hizi imejaa popo.

Sasa msitu, na hapa ndio shotikati hula watu pesa. Msitu wa Kakamega una pande mbili na wasimamizi wawili. Buyangu iko kaskazini, unaingilia barabara ya Webuye, na ni ya Huduma ya Wanyamapori, KWS. Isecheno iko kusini, unapitia Shinyalu, na ni ya Huduma ya Misitu, KFS. Malipo ya geti moja hayakuingizi ile ingine! Familia moja ililipia Buyangu kwa simu wakiwa hotelini, boda zikawapeleka Isecheno kwa sababu ndio waendeshaji walijua, wakalipa tena, na kufika huko ni mchana tayari. Saa nane mvua ikaanza, watoto wamevaa sandals. Hawakuona hata mbega mmoja, na ukijumlisha zile boda na malipo mara mbili walitumia kushinda bei yetu, ndio wakatupigia tuwatoe huko.

Hapa mvua hupenda kuja mchana, ndio maana tunakuamsha saa kumi usiku na watu wanalalamika. Tunataka jua likuchomozee ukiwa juu ya Lirhanda, ushuke msituni wakati ndege bado wanaimba na kima na mbega wako kwa miti wanakula, halafu migodini kabla ya chakula cha mchana. Huu ndio msitu wa mvua wa aina ya ule wa Kongo uliobaki Kenya, kuupitia mbio mbio saa tisa na mwavuli ni kupoteza nauli.

Gambuti tunazo za saizi zote, tochi pia. Malipo ya geti hayako ndani ya bei yetu, utalipa mwenyewe kwa jina lako na tutakwambia ni geti gani kabla hujatuma pesa. Ukitaka Jumamosi tuambie kufikia Alhamisi, mwenye shamba naye ana ratiba yake.