Kabla ya kulipia injini ya Chevrolet 350

Habari zenu wanakikundi. Mnaokwenda yadi ya magari chakavu Jumamosi, bebeni tochi, brashi ya waya na rula.

Anzeni nyuma ya bloku (mwili mkuu wa injini), upande wa dereva, yaani kushoto kwa gari la Marekani, pale giaboksi inapofungwa. Sugueni grisi mpaka namba ya bloku iliyosubiwa kwenye chuma isomeke. 3970010 ni bloku ya 350 iliyotengenezwa kuanzia 1969 hadi 1979.

Panapowaumiza wengi ni oili sili ya nyuma, ile inayozuia oili kuvuja nyuma ya krenkishafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini). Mpaka 1985 ilikuwa ya vipande 2. Toka 1986 ni kipande 1, na krenkishafti yake haiingiliani na ya zamani. Flaiwili (gurudumu zito linalofungwa nyuma ya krenkishafti) nayo vilevile: matundu ya bolti yamekaa kwenye duara la inchi 3.58 kwa za zamani, inchi 3.00 kwa zile za baadaye. Pimeni, msikubali maneno ya muuzaji.

Halafu mulikeni ubavu wa bloku. Injini iliyolala nje kwenye baridi ya huku ikiwa na maji matupu, bila dawa ya kuzuia kuganda, hupasuka yakiganda. Ufa wenyewe mwembamba kama unywele, una kamstari ka kutu. Ukiuona, iache hiyo hata kwa bei ya bure. Chuma cha kusubu kuchomelea ni kazi ngumu na ghali.

Picha ya namba itumwe hapa kabla hela haijatoka.